Pikapu ya zamani imeliwa na kutu: nipige viraka au nibadilishe spea?

mkwecheni

Wakuu habari za humu. Nina pikapu kuukuu niliyoipata kwa bei ya kutupa, injini ya dizeli iko poa inawaka asubuhi bila kusumbua, gia zinaingia vizuri, haili oili, sasa shida ni kutu tu. Ukiiangalia kwa juu unaona gari la kawaida limechoka rangi, ila ukilala chini yake ndo unaona maajabu. Kizingiti cha chini ya mlango wa dereva nimekichoma na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, sakafu ya bodi ya nyuma (ya mizigo) unaona barabara, madigadi za mbele zote mbili zina mapele chini ya rangi, paipu za breki zinazoenda nyuma zimekuwa za kahawia na zina magamba, shako za springi za nyuma (vile vyuma vinavyoshikisha springi kwenye chasisi) zimeliwa, alafu kwenye chasisi pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma nikigonga vinadondoka vipande vyembamba vya kutu.

Nimeuliza mafundi wawili. Mmoja kasema kila chenye kutu ng'oa weka kingine, wa pili kasema leta hapa ntapiga viraka gari zima utalichukua kama jipya. Kila mtu anavutia kwake. Mimi gari ni la kubebea mizigo ya kawaida, silitaki la maonyesho, ila pia sitaki kuingiza hela ikapita thamani ya gari lenyewe mara mbili. Kwa mnaojua, kipi natengeneza, kipi nabadilisha na kipi naachana nacho kiendelee kuoza kwa amani?

ngongoti

Skrepa mkuu. Unapima kwa kilo, unachukua chako, unalala usingizi.

(Natania. Nusu.)

FundiBati

Mkuu hao mafundi wako wote wawili wamekujibu kabla ya kupima, ndo maana majibu yao yamepishana hivyo. Kutu sio ugonjwa mmoja. Swali la kwanza usiulize kina kutu kiasi gani, uliza kile chuma kinabeba nini. Kuna chuma kinachobeba uhai wako (chasisi, sehemu springi zinaposhika, stelingi, breki, pale mkanda wa siti ulipofungwa) na kuna chuma kinachofunika tu. Madigadi ikitoboka tundu la ngumi utapigwa matope mlangoni basi. Shako ya springi ikikatika na mzigo mgongoni, ekseli inakaa upande na gari linaenda linakotaka lenyewe. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa usinunue chochote, wala bati wala rangi wala spea, mpaka ujue chasisi ikoje, maana chasisi ndo inaamua kama kuna gari hapo au kuna injini nzuri iliyokaa juu ya chuma chakavu.

Namna ya kujua: osha chini kwa presha, acha ikauke, nyanyua uweke kwenye stendi (sio jeki peke yake, tafadhali), chukua nyundo yenye ncha na brashi ya chuma. Gonga kila baada ya upana wa kiganja kuanzia mbele kwenda nyuma pande zote mbili, juu, ubavuni na chini. Chuma kizima kinalia, nyundo inaruka. Chuma kilichooza sauti inakufa, nyundo inaacha alama au inapita. Usigonge kwa huruma. Ikitoboka kwa nyundo ilikuwa imeshatoboka, wewe umefunua tu.

Sehemu za kung'ang'ania: hapo hapo ulipotaja juu ya ekseli ya nyuma, maana tairi linarusha matope na maji pale kila siku na juu yake kuna bodi haikauki, kwenye vishikio vya springi mbele na nyuma yake, popote mabati mawili yamelaliana, na nyuma ya tairi za mbele. Kama chasisi yako ni ya boksi (imefungwa pande nne) ujue inaoza kutoka ndani kuja nje, tope linaingia kwenye matundu linakaa humo linavuta unyevu, kwa nje unaona rangi nyeusi inang'aa. Pitisha waya mgumu au kamera ndogo ya simu humo ndani uone unatoa nini. Ukitoa udongo mkavu kidogo shukuru, ukitoa magamba yenye unene wa shilingi ndo tuanze kuongea.

Alafu usitishwe na wingi wa magamba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa, kwa hiyo milimita moja ya chuma inakupa lundo. Nimeshakwangua chasisi iliyoonekana imekwisha, chini yake nikakuta chuma kimepungua kidogo sana. Na kinyume chake pia kipo, nje safi ndani hamna kitu. Pima unene kwa kaliper (kile kipimo cha kubana) kwenye ukingo au kwenye tundu lililopo. Pikapu nyingi ndogo zinacheza kati ya milimita 2 na nusu na 4, linganisha na sehemu nzima ya chasisi hiyo hiyo.

Leta majibu hapa na picha kama unaweza.

kijana_wa_spana

Mi formula yangu rahisi sana: kilichofungwa kwa bolti badilisha, kilichochomelewa kiwandani chomelea. Madigadi zinafungwa na bolti, nunua zilizotumika funga maliza, kupiga kiraka madigadi ni kupoteza muda wa fundi, ule ukingo wa ndani ulishaoza utarudi hapo hapo. Kizingiti kimechomelewa kwenye kebini, hicho kata chomelea kipya. Hutaumiza kichwa.

FundiBati

@kijana_wa_spana hapo umegusa penyewe kwa mabati, kwa madigadi nakubali moja kwa moja. Ila chasisi imechomelewa kiwandani na hiyo sio kila mara unachomelea, na tanki la mafuta limefungwa kwa bolti lakini wapo wanaolipeleka kuchomelewa. Formula iishie kwenye mabati.

shangazi_spana

Nyie wanaume mmeanza na mabati, mwanangu kasema paipu za breki zina magamba, hilo ndo la kwanza leo kabla hata ya nyundo. Gari lisitembee.

Ngoja nieleze maana watu wanadharau. Paipu ya breki ya chuma inaliwa zaidi pale inaposhikwa na klipu, kwa sababu tope linakaa kati ya klipu na paipu, na pale inapopita juu ya chasisi ambapo huoni. Inabaki imesimama kwa kutu na rangi tu. Siku zote ukikanyaga taratibu inashika, siku unakanyaga kwa nguvu zote kwa sababu mtoto kaingia barabarani ndo presha inakuwa kubwa kupita siku zote, na ndo siku hiyo inapasuka. Haipasuki gereji. Gari nyingi breki zake zina mikondo miwili ya mafuta kwa hiyo utabakiwa na nusu ya breki, lakini nusu ya breki na mzigo mgongoni hiyo ni sala.

Sasa kutengeneza au kubadilisha: hapa hakuna mjadala, badilisha, na ubadilishe urefu wote kutoka kiungo hadi kiungo. Usikubali fundi akate kile kipande kibovu aunganishe katikati kwa viungio vya kubana na pete, vile vya mabomba ya maji, havikutengenezwa kwa presha ya breki. Na kile kipande "kizuri" alichokiacha kina umri ule ule wa kibovu, kimeloa matope yale yale.

Ukipata tafuta paipu ya aloi ya shaba na nikeli, haishiki kutu na unaikunja kwa mkono bila kuivunja. Shaba tupu usiweke, inachoka kwa mtikisiko inapata ufa. Saizi ya kawaida ni milimita 4.75 ila pima ya kwako. Mdomo wa paipu upanuliwe kwa kifaa chake, na uwe wa umbo lile lile lililokuwepo maana kuna mdomo wa kukunja mara mbili na kuna ule wa kuvimba mviringo, havikai kwenye kiti kimoja, ukichanganya itavuja hata ukaze mpaka spana ilie. Kabla ya kupanua mdomo hakikisha nati umeshaivalisha kwenye paipu (kila fundi ameshatukana kwa hili).

Hosi za mpira badilisha humo humo. Sio kwa sababu zimeoza, ni kwa sababu nati zake zimegandana na paipu na utazisokota ukifungua. Vile vichuchu vya kutolea upepo kwenye silinda za nyuma vitakatika, nakwambia kabisa, kwa hiyo tenga hela ya silinda za magurudumu ya nyuma, usishangae.

Na kitu kimoja watu wa pikapu wanakisahau. Pikapu nyingi zina valvu ya mzigo huko nyuma, imefungwa kwenye chasisi na ina fimbo inashika kwenye ekseli. Kazi yake kuongeza presha ya breki za nyuma gari likibeba na kuipunguza likiwa tupu. Kwenye gari lenye kutu kama lako ile fimbo huwa imeganda mahali pamoja na hakuna anayejua, watu wanabadilisha breki nzima wanalalamika tairi za nyuma zinafunga kwenye mvua gari likiwa tupu, au hazishiki likiwa na mzigo. Shika fimbo kwa mkono uone kama inacheza. Ikigoma loweka mafuta, ikigoma tena badilisha.

Mafuta ya breki mwaga yote weka mapya. DOT 3 na DOT 4 yanavuta unyevu wa hewani, ukikaa nayo miaka yanakuozeshea masta silinda (pampu kuu ya breki) kutoka ndani. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni.

mkwecheni

Shangazi shikamoo na asante, gari nimeliegesha tangu niliposoma hii. Fimbo nimeipata, haichezi hata kidogo, nilidhani ni sehemu ya chasisi 😅

shangazi_spana

Marahaba mwanangu. Ndo maana nakwambia.

Mzee_Lori

Nimeendesha malori tangu vijana wengi humu hamjazaliwa, nasema hivi, chasisi haichomelewi. Chasisi ikiliwa gari limekufa. Nimeona zilizochomelewa zikapasuka pembeni ya kiraka. Msimdanganye kijana.

FundiBati

Mzee heshima yako, na kwa malori makubwa uko sahihi kabisa. Zile chasisi nyingi chuma chake kimepikwa kwa joto kiwandani kiwe kigumu, ukipiga moto unakilegeza pale pale, ndo maana utakuta kibandiko kinasema usitoboe wala usichomelee ukingo wa juu na wa chini. Pikapu ndogo ya zamani mara nyingi ni chuma laini cha kawaida, kinachomeleka. Mara nyingi, sio zote, kitabu cha gari ndo kinasema. Ila hata hapo kuna mipaka, na zile ulizoziona zimepasuka pembeni ya kiraka najua zilivyochomelewa.

Zilipasuka kwa sababu fundi alichukua pleti nene kuliko chasisi akidhani anaimarisha, akaikata mraba, akaipachika juu ya kutu, akapiga mshono ulionyooka kutoka juu hadi chini. Hapo ametengeneza sehemu moja ngumu sana jirani na sehemu laini, chasisi ya pikapu inajipinda kila siku barabarani na sasa inajipindia hapo hapo mwisho wa kiraka mpaka ipate ufa. Inavyotakiwa: kata kilichooza chote mpaka ufike chuma kinachong'aa, sio karibu na kinachong'aa, kinachong'aa chenyewe. Pleti iwe na unene ule ule. Ncha zake zikatwe mshazari au umbo la mdomo wa samaki ili mshono usivuke chasisi mahali pamoja. Kaa mbali na kingo za juu na chini kadiri unavyoweza maana ndo zinazobeba mvutano mkubwa. Na ndani kabla hujafunga paka praima inayovumilia moto, ukimaliza ingiza nta ya kuzuia kutu kwa bomba refu, la sivyo joto la weldingi limeunguza rangi yote ya ndani na utakuwa na kutu mpya kabla ya ile rangi ya nje haijachakaa.

Tundu moja mbili, sehemu iliyonyooka, mbali na kishikio cha springi: chomelea. Imeliwa pande zote mbili juu ya ekseli, au pale stelingi boksi (boksi la gia za usukani) inaposhika, au kutu imeenda urefu wa mkono: hapo mimi nabadilisha chasisi nzima kwa nyingine iliyotumika au naachana na gari. Hata watengenezaji wenyewe wamefika hapo. Mwaka 2008 Toyota ilianza Marekani kununua tena Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 zilizotoboka chasisi, sababu kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na chasisi hazikuwa zimekingwa vya kutosha. Kama kampuni ile iliona nyingine hazifai kutengenezwa sembuse fundi na grenda yake.

Na kabla ya weldingi yoyote kwenye gari ondoa waya za betri, na usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini alafu ukapiga moto, ule moshi wake una gesi ya sumu inaitwa fosjini. Sio utani, tone dogo la dawa lililobaki kwenye mkunjo linatosha kukulaza.

Mzee_Lori

Sawa fundi, ukiifanya hivyo sina ugomvi. Shida ni hao wa pleti mraba ndo wengi.

kutu_zero

Mi nna swali la pembeni, kwani kuna ubaya gani kupaka oili chafu chini ya gari lote? Babu yangu alifanya hivyo, gari likadumu. Au ile lami nyeusi ya kupulizia.

FundiBati

Oili inazuia kutu kweli, maji hayagusi chuma. Ubaya wake inadondoka ardhini inachafua udongo na maji, inaingia kwenye bushi za mpira zinavimba na kulainika, na ile ya injini iliyochoka ina uchafu wa moshi na maji na asidi ndani yake. Ukilala chini kufanya kazi inakudondokea machoni. Tumia nta au mafuta ya sufu ya kondoo, kazi ni ile ile bila karaha.

Lami ndo sipendi kabisa kwenye gari kuukuu. Kwenye chuma kipya safi sawa. Ukiipuliza juu ya kutu inakauka inapata nyufa, maji yanaingia nyuma yake hayatoki, baada ya miaka unaibandua kama ganda na chuma kinakuja nacho. Ukikuta pikapu ya kuuzwa imepigwa lami mpya nyeusi chini yote, jiulize muuzaji alikuwa anaficha nini. Yako mkwecheni bora haikupigwa, angalau unaona.

Dawa za kugeuza kutu (za asidi ya fosforiki au taniki) zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyobaki baada ya kukwangua. Juu ya magamba ni kupaka rangi takataka.

ngongoti

Na puti?

FundiBati

Puti juu ya tundu nikiiona nafunga boksi la spana naenda kula. Puti inanyonya maji kutoka nyuma, tundu linapanuka, inatoka yote na kipande cha bati. Puti ni ya kulainisha juu ya bati zima, basi.

kijana_wa_spana

mkwecheni angalia pia ekzosi na sakafu ya kebini, inua kapeti. Kama ekzosi inavuja na sakafu ina matundu moshi unaingia ndani, na ile monoksidi ya kaboni haina harufu, utasikia kichwa kinauma usingizi unakuja utadhani ni uchovu. Hilo liweke juu kabla ya madigadi. Sakafu ya kebini ni bati jembamba, chini ya milimita moja, piga nukta nukta ukihama huku na kule lipoe, ukivuta mshono mrefu linajikunja lote.

Na waya za erthi! Gari lenye kutu taa zinafifia, indiketa zinawaka zikitaka, watu wanabadilisha alteneta bure. Fungua pale waya unaposhika kwenye chasisi na kebini, kwangua mpaka chuma king'ae, funga na grisi juu.

mkwecheni

Wakuu nimerudi. Nimelala chini na nyundo wikiendi nzima mpaka shingo imegoma. Majibu haya hapa: chasisi ni ya umbo la C nyuma na boksi mbele. Upande wa kulia juu ya ekseli ya nyuma kuna tundu moja ubavuni, kama ukubwa wa kiganja cha mtoto, kando yake ni chuma kinalia. Kushoto hamna tundu, nimekwangua nikapima milimita 2.8, sehemu nzima ni 3.2. Mbele ndani ya boksi nimetoa udongo ndoo nusu ila magamba machache. Pale stelingi boksi iko sawa. Vishikio vya springi vizima, shako ndo zimekwisha, na yubolti (bolti za umbo la U zinazobana ekseli kwenye springi) zina shingo nyembamba kama penseli pale kwenye nati. Mkanda wa chuma unaoshika tanki la mafuta mmoja umebaki uzi, na tanki lenyewe linatoa jasho la dizeli kwenye mshono wa chini. Sakafu ya kebini ina tundu moja chini ya miguu ya abiria. Ekzosi inavuja kwenye kiungo.

Yule fundi wa viraka anasema tanki atalichomelea, dizeli hailipuki.

shangazi_spana

Mkimbie huyo fundi. Tanki tupu ndo baya kuliko lililojaa, kwa sababu ni mvuke uliochanganyika na hewa ndo unaolipuka, sio mafuta yenyewe. Dizeli baridi haiwaki haraka kama petroli, kweli, lakini akilichoma kwa moto anaipasha ile iliyojificha kwenye mshono inakuwa mvuke, hapo imekuwa bomu. Tanki linalotoa jasho kwenye mshono lina kutu ndani pia, litakusumbua filta kila mara. Tafuta lingine, na mikanda yote miwili mipya. Chungulia shingo ya kujazia nayo, pale nyuma ya bati huwa inatoboka, maji ya barabarani yanaingia kwenye mafuta.

FundiBati

Hizo ni habari nzuri mkuu, nilitegemea mbaya zaidi. Hiyo chasisi unaichomelea kulia kama nilivyoeleza, kushoto unakwangua unapaka unaweka nta. Ukipata fundi wa weldingi mwambie kabla kwamba pleti ni milimita 3 na ncha mshazari, akianza kubisha tafuta mwingine. Shako mpya na pini zake na bushi. Yubolti mpya bila kujadili, hata zingekuwa nzima, yubolti ikishakazwa imevutika hairudishwi mara ya pili. Ukishafunga endesha kidogo na mzigo kisha kaza tena.

Sasa nakupa siri ya kazi yote hii. Kabla ya kugusa chochote ng'oa bodi ya nyuma. Kwenye pikapu nyingi ni bolti sita au nane, soketi ya taa za nyuma, shingo ya tanki, basi. Watu wanne wanainyanyua. Bodi ikitoka, paipu za breki ziko wazi, tanki unalitoa kwa juu, lile tundu la chasisi unalifikia umesimama badala ya kulala kifudifudi na cheche zinakuingia shingoni, ile valvu ya shangazi unaiona, hata shako unapiga nyundo kwa nafasi. Kazi ambazo fundi angekutoza kila moja peke yake kwa shida yake zinakuwa kazi moja. Na bodi yenyewe sakafu umesema unaona barabara, usiichomelee, utaweka bati nyingi kuliko iliyobaki. Usiirudishe kabisa. Funga krosi memba (vyuma vya kukatiza chasisi) za chuma, juu yake weka sakafu ya mbao ngumu, gari la mizigo unataka nini tena. Ubao ukioza unabadilisha ubao mmoja.

ngongoti

Naomba kufuta ushauri wangu wa skrepa. Nusu.

kijana_wa_spana

Mbao weka mpira kati yake na chasisi, usikandamize ubao mbichi juu ya chuma, unashika maji unaanza kutu upya.

mkwecheni

Nimewaelewa wakuu. Kwa hiyo ni bodi inang'oka, paipu za breki zote, valvu, shako na yubolti, tanki na mikanda, kiraka kimoja cha chasisi, sakafu ya abiria na ekzosi. Kizingiti na madigadi zisubiri. Nimeshajaribu bolti za bodi leo, mbili zimezunguka, zilizobaki zimegoma kabisa, nimening'inia kwenye spana nzima nzima. Nizipashe moto?

shangazi_spana

Na tanki liko pale chini linavuja? Hapana! Hakuna moto hapo mpaka tanki litoke. Paka mafuta ya kulegeza nati leo, paka tena kesho, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ipate mtikisiko, alafu jaribu kwanza kukaza kidogo kabla ya kufungua, ile kutu inavunjika kwenye nyuzi.

FundiBati

Zikigoma bado kata kwa msumeno wa mkono, sio grenda, kwa sababu hiyo hiyo ya shangazi. Bodi huirudishi, bolti huzirudishi, hakuna unachookoa pale. Mpya nunua za daraja la nguvu 8.8, linaandikwa kichwani kwa bolti.